Kumfuata Mwalimu Olav Duun: Levanger, Namsos, kisiwa cha Jøa na Holmestrand

Naandika haya nikiwa nimesharudi Trondheim, nikisaidiwa na daftari dogo na picha za simu. Safari niliifanya Oktoba, kwenye ile likizo fupi ya wiki moja ambayo shule za huku hufunga majira ya majani kupukutika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Muheza, niko Norway kwa masomo, na tangu mhadhiri mmoja anitajie Olav Duun, mwandishi wa riwaya wa Norway, sikutulia. Nilipata tafsiri ya Kiingereza ya riwaya yake kubwa, nikaisoma majira yote ya joto, kisha nikataka kuona alikotoka.

Kwa asiyemjua: alizaliwa tarehe 21 Novemba 1876 kisiwani Jøa, pwani ya Namdalen, kaskazini ya Trondheim, akapewa jina la Ole Julius Raabye. Jina la Duun alilichukua baadaye kutokana na shamba la Dun kisiwani humo. Ujana wake wote ulikuwa wa uvuvi na kilimo. Chuo cha ualimu cha Levanger alikiingia mwaka 1901, akiwa anakaribia miaka 25, akahitimu 1904. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1907. Mwaka uliofuata alihamia Botne, karibu na mji wa Holmestrand, mbali kabisa kusini, na huko akafundisha shule ya watoto hadi 1927. Ndani ya miaka hiyo ya chaki na ubao aliandika riwaya hiyo kubwa, *Juvikfolke*, juzuu sita zilizotoka moja kila mwaka, kuanzia 1918 hadi 1923. Alipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel na hakuipata.

Juzuu moja kila mwaka, na asubuhi uko darasani. Mwalimu yeyote anayesoma hapa anajua kwa nini nilifunga safari.

Ijumaa: Trondheim hadi Levanger

Treni ya kwenda kaskazini inafuata ghuba ya Trondheim karibu njia nzima. Kaa upande wa kushoto, ndiko maji yaliko. Hadi Levanger ni zaidi kidogo ya saa moja. Kabla hujafika utaona moshi wa kiwanda kikubwa cha karatasi za magazeti pale Skogn, umesimama wima kama hakuna upepo, na siku hiyo kweli haukuwepo.

Levanger ni mji wa nyumba za mbao, mzuri kuliko nilivyotarajia. Uliungua mwaka 1897 ukajengwa upya, na katikati ya mji sasa inalindwa kisheria. Nilipokuwa nazunguka nikapiga hesabu: Duun alipoingia hapa 1901, nyumba hizi zilikuwa na miaka minne tu au chini ya hapo. Huenda zilikuwa bado zinanuka rangi na mbao mbichi. Mvuvi wa kisiwani, mtu mzima tayari, anatua kwenye mji mpya kukaa dawati moja na vijana waliomzidi kwa vitabu, naye akiwazidi kwa mikono. Chuo chenyewe kilianza 1892. Siku hizi mafunzo ya ualimu Levanger yako chini ya chuo kikuu cha Nord. Nilikaa muda kwenye korido nikisoma matangazo ya mazoezi ya kufundisha. Kila mwanafunzi aliyepita alinisalimia.

Jioni nilikula sodd, chakula cha ukanda huu: supu safi yenye vipande vya nyama ya kondoo na vidonge vya nyama ya kusaga, viazi na karoti pembeni, na mkate mwembamba mkavu wenye utamu kwa mbali. Nililipa kama krona 220. Mzee wa meza ya jirani aliniona nachanganya kila kitu kwenye bakuli moja, akahamia kwangu akanionyesha: viazi vinabaki kwenye sahani, supu inakuja yenyewe. Aliponiuliza ninakwenda wapi nikamwambia Jøa, akaweka kijiko chini. "Oktoba?" Kisha akaandika kwenye karatasi ya kufutia mikono majina ya vituo vya basi, kwa herufi kubwa kama anavyoandika mwalimu. Na kweli alikuwa mwalimu mstaafu.

Malazi: chumba chenye jiko la pamoja kilinigharimu krona 750. Nunua vyakula dukani upike. Kula nje kila siku kutakumaliza.

Jumamosi: Levanger, Grong, Namsos

Treni za kwenda mbali hadi Grong ni chache kwa siku, hivyo panga siku yako kuzunguka treni. Yetu ilisimama porini karibu saa nzima kwa sababu ya mnyama relini. Kongoni wa huku wenye pembe pana hugongwa mara nyingi kwenye reli hii, na hakuna abiria aliyeshangaa. Bibi mmoja alitoa nguo aliyokuwa anafuma, mwingine akafungua chupa ya chai. Tulipofika Grong, basi la Namsos lilikuwa limeshaondoka, na lililofuata lilikuwa la jioni.

Nilisimama kituoni na begi langu. Mume na mke waliokuwa wameshuka treni ileile wakaniuliza ninakokwenda, wakafungua buti bila maneno mengi. Barabara ya Grong hadi Namsos, kama kilomita 50, inakwenda na mto Namsen, mto maarufu wa samaki aina ya salmoni. Mume alinionyesha mahali alipovua samaki wake mkubwa wa kwanza. Mke alitaka kujua habari za Duun. Alilazimishwa kumsoma shuleni, akamchukia, kisha mama yake alipofariki alikuta juzuu zote sita kwenye kabati, akaanza tena.

"Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilidhani ni hadithi ya wakulima wagomvi," alisema. "Nilipofika hamsini nikaona ni watu wa nyumbani kwetu."

Walikataa hela ya mafuta. Niliwaachia kahawa ya Kilimanjaro niliyokuwa nimebeba kwa ajili hiyo. Nawashauri wenzangu: beba zawadi ndogondogo za nyumbani, huku hela ya ahsante huwatia watu aibu.

Namsos ulianzishwa 1845 na umeungua mara tatu, mwaka 1872, 1897, na 20 Aprili 1940 uliposhambuliwa kwa mabomu na ndege za Ujerumani. Kwa hiyo usitafute nyumba za zamani za mbao kama za Levanger. Tafuta watu. Dukani, kwenye rafu ya mchele, nilisikia sauti ya mama ikimkemea mtoto kwa Kiswahili cha Kivu. Nilisalimia. Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Kaka, weye ni wa Tanzania? Na baridi hii unatembea peke yako? Kuya ule kwanza."

Norway imepokea Wakongo wengi kama wakimbizi na kuwapangia makazi hata kwenye miji midogo namna hii. Familia yake ilifika miaka mingi nyuma, kupitia kambi. Tulikula bugali na sombe (kisamvu) iliyotoka kwenye friza, na samaki wa hapohapo Namsos. Watoto walizungumza na mama yao Kiswahili na wao kwa wao Kinorwe cha Namdalen, kile ninachokielewa kwa shida hata baada ya mwaka mzima Trondheim. Binti mkubwa anasoma sekondari ya juu ya hapo mjini, na shule hiyo inaitwa Olav Duun. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya mtu huyohuyo, alicheka, kisha akaleta kitabu cha shule. Kulikuwa na ukurasa mmoja na nusu wa Duun. Alinisomea kwa sauti, bila kukwama, maneno ambayo mimi nyumbani nilikuwa natafuta moja moja kwenye kamusi. Duun aliandika kwa lugha iliyojengwa juu ya mazungumzo ya kwao, na miaka zaidi ya themanini baada ya kifo chake, binti aliyezaliwa Kongo ndiye aliyenifanya niisikie inavyotiririka.

Jumapili: Namsos

Maduka mengi yamefungwa, mabasi karibu hakuna, mvua. Nilipanda kilima cha Klompen juu ya mji nikashuka nimelowa. Kuna bwawa la kuogelea lililochimbwa ndani ya mwamba, kama unahitaji joto.

Jumatatu: Namsos hadi Jøa

Hii ndiyo siku niliyoingoja. Basi la asubuhi linaelekea kaskazini kwa barabara ya kona nyingi, msitu, maji, msitu tena. Mwisho wa barabara ni Seierstad, na hapo unavuka kwa kivuko hadi Ølhammeren, upande wa kisiwa. Mlango wa bahari ni mwembamba. Kwa siku ya kawaida ni safari fupi kama ya Kigamboni, na magari yanapakiwa vilevile huku mtu mwenye fulana ya kung'aa akipunga mkono.

Siku hiyo haikuwa ya kawaida. Upepo ulikuwa umepanda usiku na kivuko kilikaa ng'ambo kikisubiri. Tulikuwa wachache kwenye kibanda: dereva wa lori la chakula cha samaki, mama mwenye mtoto mchanga, kijana anayefanya kazi kwenye mabwawa ya kufugia salmoni, ambayo siku hizi ndiyo ajira kubwa ya pwani hii. Kijana aligawa mikate yake yenye jibini la kahawia, kipande kwa kila mtu, pamoja na mimi, bila kuuliza. Tulikaa hivyo zaidi ya saa mbili. Nilitazama mawimbi yakipigwa na upepo hadi yanatoka moshi mweupe, nikamkumbuka Odin.

Nieleze hapa, maana bila hili hutaelewa kwa nini watu wanakwenda Jøa. *Juvikfolke* ni hadithi ya ukoo mmoja kwa vizazi vingi. Wa mwanzo ni watu wa nguvu na kisasi, wasioruhusu mtu kuwapita. Wa mwisho ni Odin, na adui yake ni Lauris, mtu mjanja anayemchimba tangu ujana. Mwisho wa juzuu ya sita wanajikuta pamoja baharini katika dhoruba, mashua imepinduka, wote wawili wameng'ang'ania mgongo wake. Hauwezi kuwabeba wawili. Odin ndiye mwenye nguvu zaidi. Anaweza kumsukuma Lauris na hakuna atakayejua. Anaachia yeye.

Nilipolisoma mara ya kwanza nikiwa kitandani Trondheim nililiona ni tendo la utakatifu, zuri lakini la mbali. Pale Seierstad, na maji yale mbele yangu, niliona kwamba aliyeandika alijua mgongo wa mashua unavyoteleza, alijua vidole vinakufa ganzi baada ya muda gani, na alijua uzito wa kuamua jambo huku mwili wote unakataa. Hakuyasoma hayo chuoni. Alikuwa nayo tayari alipofika Levanger.

Kivuko kilikuja saa saba mchana hivi. Jøa ni kisiwa cha kijani hata Oktoba, mashamba yanashuka hadi ufukweni, nyumba zimetawanyika, ghala nyekundu, kondoo. Nilitarajia mahali pakali zaidi. Ukali uko nje, baharini.

Jambo la kuzingatia kwa watakaonifuata: makumbusho ya kisiwa, yenye sehemu ya Duun, huhudumia wageni hasa majira ya joto. Mimi nilikuta mlango umefungwa. Nilikwenda duka la kisiwa kununua biskuti na kuuliza. Muuzaji alipiga simu moja, akapiga ya pili, akaniambia ningoje. Baada ya nusu saa akaja bibi mmoja kwa gari, na koti la mvua la njano na funguo mkononi. Nilimwambia "Shikamoo" kwa Kiswahili kabla sijajizuia. Nikamfafanulia kwamba ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, akaipenda, akataka ajue anajibuje. Alasiri yote alinijibu "Marahaba" kwa kila nilichosema.

Alinipitisha taratibu kwenye picha na vitabu. Kilichonishika zaidi hakikuwa kwenye kabati la kioo. Bibi alisimama dirishani akaninyooshea kidole, shamba moja baada ya jingine, akinieleza watu wa kisiwa walidhani nani katika riwaya alikuwa babu ya nani. Wengine walikasirika, akasema, kwa sababu walijiona. Wengine walikasirika kwa sababu hawakujiona. Kwake yeye Duun si mwandishi wa taifa, ni mtoto wa jirani aliyesikiliza sana wakubwa walipokuwa wanazungumza.

Nikamuuliza swali langu la kazi: alipata wapi muda, mwalimu mwenye darasa? Alifikiri.

"Muda alikuwa ameshaupata hapa," alisema. "Kule kusini alikuwa anaandika tu."

Nililala kwenye chumba cha juu nyumbani kwa jamaa zake, krona 500 pamoja na kifungua kinywa. Jioni tulikula chewa wa kuchemsha, viazi, na siagi iliyoyeyushwa. Upepo ulipiga paa usiku kucha, nami nikalala vizuri ajabu.

Jumanne na Jumatano: kurudi

Kivuko, basi, treni, nguo za kufua Trondheim. Jumatano usiku nilipanda treni ya usiku ya Oslo. Kama huwezi kulipia kitanda, kiti cha kawaida kinatosha, ila beba kitu cha kufunika macho.

Alhamisi: Holmestrand na Botne

Kutoka Oslo hadi Holmestrand ni kama saa moja. Treni inaingia mlimani na kusimama humohumo. Kituo kizima, kilichofunguliwa 2016, kimechongwa ndani ya mwamba. Mji wenyewe umebanwa kati ya maji na jabali refu, na ndani ya jabali kuna lifti inayokupandisha hadi uwanda wa juu. Ukitoka kwenye lifti ni nchi nyingine: mashamba ya nafaka, vilima vya upole, barabara zilizonyooka. Huku ndiko Botne, ambayo zamani ilikuwa halmashauri yake yenyewe na sasa ni sehemu ya Holmestrand.

Nilitembea kwa mvua nyepesi hadi kanisa la zamani la mawe, la zama za kati. Nilitaka kupima kwa miguu umbali alioishi nao. Kutoka hapa hadi Jøa, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 600. Watoto aliowafundisha walizungumza lafudhi ya hapa, wazazi wao walikuwa watu wa mashamba haya tulivu. Yeye, akishawaaga, anarudi nyumbani na kuandika watu wa Namdalen kwa lugha ya Namdalen, jioni baada ya jioni. Shule za vijijini Norway zama hizo watoto wengi walikwenda kwa zamu, leo kundi hili, kesho lile, hivyo mwalimu hakuwa na siku ya kupumzika zaidi ya walivyo walimu wetu. Nimesahihisha madaftari ya darasa la watoto zaidi ya sabini. Najua mkono unavyokuwa saa mbili usiku. Aliacha kazi ya shule 1927, baada ya karibu miaka ishirini Botne, na sifa yake yote kubwa alikuwa ameshaijenga akiwa na chaki mfukoni.

Maktaba ya mjini waliniweka mezani na chai. Mkutubi, dada kijana, alinitolea matoleo ya zamani, akaniachia niyapange kwa mwaka. 1918, 1919, 1920, 1921, 1922, 1923. Vikiwa vimepangana hivyo, si vinene kama nilivyofikiri. Kila kimoja ni kazi ya mwaka mmoja wa mtu anayeamka mapema. Nilifungua ukurasa wa mwisho wa kile cha sita, nikajaribu kusoma kwa mdundo niliousikia kwa binti wa Namsos. Nilielewa karibu theluthi mbili.

Mkutubi aliniuliza kama kuna Duun yeyote kwa Kiswahili. Sijawahi kuona. Nilimwambia kwamba Mwalimu Nyerere, aliyefundisha sekondari ya Pugu kabla ya siasa kumchukua, aliwahi kupata nafasi ya kumtafsiri Shakespeare akiwa rais wa nchi. Aliandika hilo kwenye kijikaratasi.

Duun alifia huku kusini tarehe 13 Septemba 1939, wiki mbili hazijaisha tangu vita kuanza. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa riwaya yake ya mwisho, *Menneske og maktene*, kuhusu watu wa kisiwa ambacho bahari inatishia kukimeza.

Kwa atakayetaka kwenda: nenda kati ya Juni na Agosti kama makumbusho ndiyo hoja, nenda Oktoba kama bahari ndiyo hoja. Weka programu ya Entur kwenye simu, inaunganisha treni, basi na kivuko, lakini basi la mwisho ulithibitishe kwa mtu. Fedha taslimu karibu hutazihitaji, kadi inapita hata dukani kisiwani. Na kwa atakayetaka kusoma bila kusafiri, asianze na juzuu ya kwanza yenye majina mengi. Aanze na *Medmenneske* ya 1929. Ni fupi, na ndani yake Ragnhild, mwanamke mwema kuliko wote kijijini, anamuua baba mkwe wake ili kumwokoa mumewe. Ukishaimaliza hiyo, juzuu sita hazitakutisha.